Leseni, Duka na Dhamiri ya Mnunuzi

Katika kila biashara kuna watu wawili wasiolingana kwa maarifa. Auzaye ajua bidhaa yake ilikotoka, ilivyotunzwa na kilichochanganywa ndani yake. Anunuaye ajua bei, na pengine sura. Maziwa yaliyotiwa maji ni meupe kama yasiyotiwa. Kidonge cha chokaa chaweza kuwa na umbo lile lile la kidonge cha dawa. Mbegu iliyokufa hulala kiganjani kama mbegu hai, na mkulima hupata habari yake baada ya mvua kunyesha na kupita. Kwa sababu hiyo soko lolote, liwe la kijiji au la jiji, husimama juu ya jambo lisiloonekana kwa jicho, nalo ni uaminifu. Swali la maadili lizaliwalo hapo ni la zamani: je, mzigo wa uaminifu ni wa muuzaji peke yake, au mnunuzi naye ana sehemu yake ya kuuchukua?

Swali hilo limepata mfano mpya katika jiji la New York, Marekani, na mfano wenyewe ni wa bidhaa ambayo wengi wa wasomaji wa Kiswahili huijua kuwa ni haramu, yaani bangi. Katika Kenya na Tanzania sheria huikataza, na insha hii haikusudii kuisifu wala kuitetea. Imechaguliwa kwa sababu ni nadra kuona bidhaa moja ikiuzwa katika barabara moja kwa milango miwili inayofanana, mmoja ukiwa na ruhusa ya sheria na mwingine usiwe nayo, na mpita njia akaachwa autambue mwenyewe. Mahali penye utata kama huo, wajibu wa mnunuzi huonekana waziwazi kuliko mahali ambapo desturi imekwisha kumfanyia kazi ya kufikiri.

Yafaa kwanza kueleza jinsi milango hiyo miwili ilivyopata kuwapo. Mwaka 1970 sheria ya Marekani nzima iliiweka bangi katika daraja la kwanza la madawa yaliyokatazwa, pamoja na heroini. Walakini kila jimbo lina mamlaka ya kutunga sheria zake. Mwaka 2012 wapiga kura wa Colorado na Washington walikubali bangi iuzwe kwa watu wazima, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Jimbo la New York lilipitisha sheria yake tarehe 31 Machi 2021. Sheria hiyo ilimruhusu mtu aliyetimiza miaka 21 kuwa na bangi isiyozidi aunsi tatu, ambazo ni karibu gramu 85. Ikaunda ofisi ya kuisimamia biashara hiyo. Na ikaamuru kwamba asiwepo mtu wa kuuza ila kwa leseni.

Lakini kuruhusu watu kumiliki kitu ni kazi ya siku moja, na kuweka utaratibu wa kukiuza ni kazi ya miaka. Duka la kwanza lenye leseni ya kuwauzia watu wazima lilifunguliwa Manhattan tarehe 29 Desemba 2022. Liliendeshwa na Housing Works, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1990 kwa ajili ya watu wenye UKIMWI wasiokuwa na makazi. Kati ya sheria na duka la kwanza ulipita muda wa karibu miezi 21, na tamaa haikungoja. Watu walikodi vyumba vya maduka, wakapanga bidhaa, wakafungua milango mchana kweupe. Kufikia mwaka 2023 makisio ya maofisa wa jiji yalizidi maduka 1,000 yasiyo na leseni, hali maduka yenye leseni katika jimbo zima yalihesabika kwa makumi. Mtu aliyeingia duka lolote bila kuuliza alikuwa karibu na hakika ya kuingia lisilo halali.

Wala haikuwa rahisi kwa mgeni kutambua. Mengi ya maduka hayo hayakufanana na picha ya uhalifu iliyomo katika fikira za watu. Hayakuwa vichochoroni, wala wauzaji wake hawakunong'ona. Yalikuwa na vioo safi, taa za rangi, makabati yaliyopangwa vizuri na wahudumu wapole walioongea kwa ujuzi. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo husaidia hapa kwa kiasi fulani, kwa kuwa kanuni za jimbo humbana mwenye leseni katika matangazo yake, na hukataza pakiti zenye katuni na rangi kali zinazowavuta watoto. Basi duka halali aghalabu lilikuwa na sauti ndogo kuliko lile lisilo halali. Walakini ukimya nao si ushahidi. Mwenye hila aweza kunyamaza, na mwenye haki aweza kupenda mapambo.

Alama zenyewe zilizowekwa na jimbo ni chache, na mtu aweza kujifunza kuzitambua kwa dakika chache. Karibu na mlango mkuu wa duka lenye leseni hubandikwa stika ya ofisi ya jimbo, nayo ina alama ya mraba yenye vidoto isomwayo kwa simu. Ofisi hiyo pia hutoa hadharani orodha ya maduka yote yaliyoruhusiwa, pamoja na anwani zake. Ndani ya duka, mwenye leseni hapana budi ahakikishe umri wa mteja kwa kitambulisho. Pakiti huwa na alama maalumu ya jimbo, na bidhaa iliyomo hupimwa na maabara kabla ya kuuzwa, ili ijulikane kiasi cha kiini chake kilevyacho, kiitwacho THC, na kama ina ukungu, metali zenye sumu au mabaki ya dawa za wadudu. Juu ya bei huongezwa kodi ya asilimia 13, tisa za jimbo na nne za serikali za mitaa. Duka lisilouliza umri, na lenye pakiti zilizoiga peremende za watoto, limejishuhudia lenyewe.

Lakini mwongo awezaye kuchapa pakiti ya uongo aweza pia kuchapa stika ya uongo. Aweza kutundika ukutani hati yenye muhuri ambayo ni ya kuandikisha biashara ya kawaida tu, akijua kwamba wengi huutazama muhuri wala hawasomi maneno. Kwa hiyo haitoshi alama kuonekana, yapasa isomwe. Simu ikielekezwa kwenye ile alama ya mraba, ukurasa utakaofunguka uwe ni wa ofisi ya jimbo yenyewe, na jina na anwani zilizomo zilingane na mlango ambao mtu amesimama mbele yake. Kuiona alama ni kazi ya jicho, na jicho hufanya kazi yake bila kuombwa. Kuihakikisha ni kazi ya nia, na hapo ndipo jambo la biashara linapogeuka kuwa jambo la maadili.

Basi alama hiyo yasema nini? Wengine hudhani kwamba leseni yasema bidhaa ni njema. Haisemi hivyo. Moshi wa bangi yenye leseni ni moshi, na mapafu hayasomi stika. Kijana ambaye ubongo wake ungali unakua, na mtu ambaye maradhi ya akili yamo katika ukoo wake, hawapati kinga kwa sababu muuzaji alilipa ada. Wengine hudhani kwamba leseni yasema serikali yapenda watu waitumie bidhaa hiyo. Hilo nalo si kweli. Serikali hutoa leseni za pombe na bado huwaonya walevi. Na katika New York sehemu moja ya tano ya mapato ya kodi ya bangi, baada ya gharama za usimamizi, imetengwa na sheria kwa matibabu ya waliotekwa na madawa na kwa mafunzo ya umma. Imebaki maana ya tatu, ambayo ni ndogo kuliko hizo mbili lakini ina nguvu zaidi. Leseni yasema kwamba yuko mtu anayejulikana kwa jina na mahali, naye ameahidi kujibu atakapoulizwa.

Maana hiyo si ngeni kwa watu waliokulia kijijini. Kule mnunuzi hakuhitaji stika. Alimjua muuza maziwa, akamjua na baba yake, akawajua ng'ombe na malisho yao. Maziwa yakiwa na maji, mlango wa kubisha ulijulikana, na aibu ya kubishiwa mlango ilitosha kumzuia muuzaji asirudie. Uaminifu wa kijiji haukutokana na wema wa wanakijiji kuuzidi wema wa watu wa mjini. Ulitokana na kujulikana. Jiji la New York lina watu zaidi ya 8,000,000. Auzaye leo hamjui anunuaye, na kesho yamkini wote wawili wamehama. Hapo leseni huchukua nafasi ya ujirani. Ni ujirani wa karatasi, mkavu na usio na salamu. Lakini humpa mnunuzi kile kile alichokuwa nacho mwanakijiji, yaani mlango wa kubisha kesho.

Faida ya mlango huo ilionekana kwa huzuni katika Marekani mwaka 2019. Watu waliovuta sigara za mvuke, wengi wao wakiwa vijana, walianza kufika hospitalini wakiwa hawawezi kupumua. Kufikia tarehe 18 Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamehesabiwa kuwa walilazwa au kufa kwa madhara hayo ya mapafu, na kati yao 68 walikuwa wamekufa. Wachunguzi wa afya waliyahusisha madhara hayo hasa na asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotiwa katika vichupa vya mvuke wa bangi ili kuuzimua mchanganyiko. Sehemu kubwa ya wagonjwa walieleza kwamba bidhaa hizo walizipata kwa marafiki, kwa jamaa au kwa wachuuzi wasio rasmi. Waliotia mafuta yale hawakuandika majina yao juu ya vichupa. Mgonjwa hakuwa na wa kumuuliza, na daktari hakuwa na daftari la kutazama. Wahenga wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa yaliyopotea bila habari yalikuwa maisha ya watu.

Hata hivyo mwenye kutafuta ukweli hana budi kuwa mwangalifu na ushahidi unaoipendeza hoja yake. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa bidhaa 40 zilizonunuliwa katika maduka 20 ya New York yasiyo na leseni, na ilielezwa kwamba karibu asilimia 40 ya bidhaa hizo zilikuwa na uchafu wenye madhara, ukiwamo wa vijidudu na wa risasi, ile metali yenye sumu. Habari hiyo ni nzito. Lakini walioagiza na kuugharimia uchunguzi huo walikuwa chama cha wauzaji wa bangi ya matibabu wenye leseni, ambao biashara yao ilikuwa ikiliwa na maduka hayo hayo. Kuwa na faida katika jambo hakumfanyi shahidi kuwa mwongo. Humfanya asikilizwe kwa masikio mawili. Mnunuzi ambaye amejifunza kumuuliza muuzaji asiye na leseni, ajifunze pia kumuuliza mwenye leseni.

Tena yampasa aiulize na serikali. Mwaka 2025 ofisi ya jimbo ilitangaza kwamba ilikuwa ikipima visivyo umbali kati ya maduka na shule. Sheria ilitaka umbali wa futi 500, ambazo ni karibu mita 150, upimwe kutoka mpaka wa uwanja wa shule. Ofisi ilikuwa ikiupima kutoka mlango wa shule. Zaidi ya maduka 100 yaliyopewa leseni yakaonekana kwamba yamekaa mahali yasipopasa kukaa, ilhali wenyewe walitii kila walichoambiwa na kutumia akiba zao zote kuyajenga. Mtu mwenye haraka aweza kusema: ikiwa mtoa leseni hukosea hivyo, leseni ina maana gani? Jibu ni kwamba kosa hilo lilijulikana kwa sababu lilikuwa limeandikwa. Kila duka lilikuwa na anwani, kila anwani ilikuwa na kipimo, na kipimo kiliweza kurudiwa. Duka lisilo na leseni laweza kuwa ukutani mwa shule, na hapana daftari litakalofunguliwa kulisahihisha. Utaratibu mzuri si ule usiokosea; ni ule ambao kosa lake laweza kupatikana na mwenye kukosea akatajwa.

Imebaki kuwasikiliza wale wanaopinga kwamba mnunuzi ana wajibu wowote. Wa kwanza ni mwenye hoja ya bei. Asema kwamba duka lenye leseni huuza ghali, na maskini hana uwezo wa kulipia maadili. Ni kweli kwamba huuza ghali, na ni rahisi kueleza kwa nini: maabara hulipwa, kodi hulipwa, na pakiti hufuata kanuni. Bei ya duka jingine hupungua kwa sababu kuna kazi isiyofanywa, na anayeimalizia kazi hiyo ni mnunuzi kwa mwili wake. Isitoshe, bangi si unga wala maji. Mtu anayeiendea kwa starehe hawezi kujikinga kwa umaskini kama anayeiba mkate. Lakini mgonjwa anayeitafuta kwa ajili ya maumivu, na ambaye bei halali humshinda, anastahili kusikilizwa kwa namna nyingine. Lawama ya mtu huyo sehemu kubwa ni ya walioweka bei na kodi, na haki haiwezi kumhukumu sawasawa na mwenye pesa anayekwepa.

Wa pili ana hoja yenye uchungu zaidi. Asema kwamba kwa miaka mingi sheria ya bangi katika New York iliwaangukia hasa watu weusi na Walatino, ijapokuwa wazungu nao walivuta. Vijana wao walikamatwa, wakapata doa la hatia, wakakosa kazi na nyumba. Leo serikali ile ile iliyowafunga ndiyo inayotoza ada ya leseni. Je, mtu anayeuza bila leseni si mrithi wa walioonewa, na anayenunua kwake si anayesimama upande wa mnyonge? Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa kuwa historia iliyomo ndani yake ni ya kweli. Jimbo lenyewe liliikubali, likaamua mwaka 2022 kwamba leseni za kwanza za rejareja ziwaendee watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya bangi au jamaa zao wa karibu, pamoja na mashirika ya hisani yanayowahudumia watu kama hao.

Hapo ndipo hoja inapomgeukia aliyeitoa. Mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la bangi, akaomba leseni, akangoja, ndiye aliyeumizwa kwanza na duka lisilo na leseni lililofunguliwa ng'ambo ya barabara. Mwaka 2023 mahakama ilisimamisha utoaji wa leseni hizo kwa miezi kadhaa, na waliokwisha kukodi majengo wakawa wanalipia milango wasiyoruhusiwa kuifungua, huku wateja wakipita mbele yao kwenda kwa jirani asiyengoja. Baadhi ya wenye maduka yale mengine walikuwa kweli ni watoto wa mitaa iliyoonewa. Wengine walikuwa wafanyabiashara tu walioona nafasi. Mnunuzi asiyeuliza hawezi kujua amemsaidia nani. Huruma ni jambo jema, lakini huruma isiyotaka kujua inakokwenda yaweza kumnyang'anya yule yule iliyetoka kumsaidia.

Wa tatu husema kwa kifupi kwamba kazi ya kutenga halali na haramu ni ya serikali, na mnunuzi si polisi. Serikali nayo ilifanya kazi yake, ijapokuwa ilichelewa. Sheria ya mwaka 2024 iliupa mji nguvu ya kuyatia kufuli maduka yasiyo na leseni, msako ukaanza mwezi Mei, na kabla ya mwaka kwisha maduka zaidi ya 1,000 yalikuwa yamefungwa. Lakini kufuli hufunga mlango, haifungi haja. Anayetaka kununua bila kuulizwa atampata wa kumuuzia bila kuuliza, ikiwa si dukani basi katika gari, na ikiwa si katika gari basi kwa mjumbe wa baiskeli. Muuzaji asiyeulizika huishi kwa mnunuzi asiyeuliza. Hapana polisi wa kutosha kusimama kati ya hao wawili, ikiwa wote wawili wamekubaliana kunyamaza.

Wa nne ni mpole, na hoja yake ni nzuri. Auliza kama muuzaji asiye na leseni hawezi kuwa mwaminifu. Aweza. Yamkini yuko mkulima anayelima kwa uangalifu, asiyetia sumu katika shamba lake, ambaye hakupata leseni kwa kuwa fomu zilikuwa nyingi na fedha zilikuwa chache. Wema wake ni wa kweli mbele ya Mungu. Lakini mbele ya mnunuzi wema huo hauna alama, na kaunta ya mtu huyo yafanana na kaunta ya mwenye hila. Mnunuzi akizoea kumwamini mmoja bila kuuliza, amekwisha kuwaamini wote wawili, na mwenye hila ndiye atakayefaidi zaidi, maana yeye ndiye anayeuhitaji ukimya. Basi hata mkulima yule mwema hudhurika na desturi ya kutouliza.

Kutokana na hoja hizo yaonekana kwamba kosa la mnunuzi, pale linapokuwapo, si kutojua. Mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi, asiyejua kwamba jimbo lina stika, hana hatia kubwa. Mzee asiyeweza kuitumia simu ana udhuru wake. Hatia huanza mahali ambapo mtu ajua kwamba swali lipo, ajua kwamba jibu lapatikana kwa muda wa kuvuta pumzi chache, naye aamua kutouliza kwa sababu alichelea jibu litamharibia bei au starehe. Huo si ujinga. Ni maarifa yaliyofichwa na mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hupenda kusema baadaye, ‘Mimi sikujua.’ Maneno yake ni ya kweli, lakini ukweli huo aliutengeneza kwa mikono yake mwenyewe, naye hawezi kujitetea kwa kitu alichokitengeneza.

Kuna upande mwingine wa maarifa hayo unaowahusu wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, wanafunzi na wafanyakazi. Leseni ni neno la mamlaka fulani, kwa watu fulani, ndani ya mipaka fulani. Ruhusa ya jimbo la New York haifuti sheria ya nchi nzima. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani iliwaelekeza maofisa wake kwamba shughuli za bangi, hata katika jimbo lililoziruhusu, zaweza kumzuia mwombaji wa uraia asihesabiwe kuwa ni mtu wa tabia njema. Mgeni aliyesimama mbele ya mlango wenye stika halali kabisa, akaisoma kwa simu yake akaikuta ni ya kweli, bado hajapata jibu la swali lake lote. Yampasa aulize tena: ruhusa hii ni ya nani, yamfaa nani, na yaishia wapi? Na akisafiri kurudi Dar es Salaam au Mombasa na pakiti hiyo mkobani, ataona kwamba alama iliyomlinda barabarani huko haina maana mbele ya forodha.

Mtu asiyekusudia kuigusa bangi maisha yake yote asidhani kwamba habari hii haimhusu. Nchini Kenya pakiti ya mbegu zilizothibitishwa hubandikwa lebo ya kukwangua, na mkulima huituma namba iliyofichwa ndani kwa simu apate kujua kama mbegu ni halisi. Wako wanaokwangua, na wako wanaoitupa lebo pamoja na pakiti kwa kuwa foleni ni ndefu na mvua iko karibu. Dukani mwa dawa hati ya mfamasia hutundikwa ukutani, na wachache huinua macho kuitazama. Namba ya lebo na hati ya ukutani hufanya kazi moja na stika ya New York: humwambia mnunuzi nani atajibu. Zaweza kughushiwa, zaweza kutolewa kwa makosa, na haziwezi kuwa badala ya akili ya mtu. Lakini haziwezi kufanya hata kazi ndogo waliyopewa na sheria ikiwa asomaye hayupo.

Kuuliza si ujinga, na katika soko si ufidhuli. Muuzaji wa haki hafurahii sana kuulizwa, kwa kuwa wateja wako nyuma wakingoja. Lakini hujibu, na baada ya kujibu huwa amejulikana. Yule mwingine hucheka, hubadilisha maneno, hupunguza bei. Mnunuzi akiondoka hapo bila kununua, huwa hakumwadhibu mtu wala hakumtia mtu gerezani. Amekataa tu kumpa fedha zake mtu ambaye kesho hatakuwa na mlango wa kubisha.